Kukohoa damu miaka mingi baada ya kupona kifua kikuu: Kwa nini hutokea na nini kifanyike

KATIKA jamii nyingi za Afrika Mashariki, mtu akionekana kutema damu kila anapokohoa, majirani hawangoji majibu ya maabara. Hukumu hutolewa papo hapo kwamba huyo ana kifua kikuu. Mara nyingi hukumu hiyo huwa ya kweli. Hata hivyo, lipo kundi kubwa la watu wanaokohoa damu si kwa sababu wana kifua kikuu, bali kwa sababu waliwahi kuwa nacho, wakatibiwa, wakapona na kurudi katika shughuli zao.

Watu hao huweza kukaa miaka mitano, kumi au hata thelathini bila tatizo kubwa, kisha siku moja wakaona michirizi ya damu katika makohozi. Wengine hupuuza kwa kuwa damu hukoma yenyewe baada ya siku mbili au tatu. Wengine hujificha kwa kuogopa kutengwa upya na ndugu. Wapo pia wanaokwenda zahanati na kuanzishiwa tena dawa za kifua kikuu bila makohozi yao kupimwa. Njia zote tatu zinaweza kumpotezea mgonjwa muda, na wakati mwingine uhai.

Idadi ya watu wanaohusika si ndogo. Makadirio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa watu wapatao milioni 155 waliougua kifua kikuu kati ya mwaka 1980 na 2019 walikuwa bado hai mwaka 2020. Kadiri tiba inavyookoa watu wengi zaidi, ndivyo kundi la wanaoishi na makovu ya ugonjwa huo linavyokua.

Ugonjwa huondoka, kovu hubaki

Kifua kikuu husababishwa na bakteria ambao mwanasayansi Robert Koch wa Ujerumani alitangaza kuwagundua Machi 24, 1882, siku ambayo hadi leo huadhimishwa duniani kote kuwa Siku ya Kifua Kikuu. Bakteria hao huingia mwilini kwa njia ya hewa na hupenda zaidi kukaa sehemu za juu za mapafu, mahali penye oksijeni nyingi.

Kinga ya mwili inapopambana nao, nyama ya pafu huungua katika vita hiyo. Sehemu iliyokufa hulainika na kuwa kama jibini, kisha hukoholewa na kutoka nje. Mahali ilipokuwa pakabaki shimo, ambalo wataalamu huliita pango. Pango linaweza kuwa dogo kama punje ya hindi au kubwa kama yai la kuku.

Dawa za miezi sita, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, huwaua bakteria. Kazi ya kulijenga upya pafu lililoharibika si kazi ya dawa hizo. Pango dogo huweza kujifunga na kuwa kovu. Pango kubwa huweza kubaki wazi maisha yote ya mtu, likiwa na kuta ngumu na mishipa ya damu inayopita kandokando yake.

Utafiti uliofanyika mjini Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2020, ulitoa picha ya hali hiyo. Watu wazima 405 walipigwa picha za CT-Scan walipokuwa wanamaliza tiba ya kifua kikuu. Asilimia 44 kati yao walikutwa na mirija ya hewa iliyopanuka na kuharibika kwa kiwango cha kati au kikubwa, na takriban mmoja kati ya kila kumi na moja alikuwa na angalau sehemu nzima ya pafu iliyoharibika kabisa. Hao ni watu ambao kwa hesabu za kliniki walikuwa wamemaliza safari yao.

Damu hutoka wapi?

Ili kuelewa kwa nini kovu la zamani linaweza kutoa damu, ni lazima kwanza kufahamu kwamba mapafu hupata damu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mshipa mkubwa unaotoka upande wa kulia wa moyo, ambao hupeleka karibu damu yote ya mwili kwenye mapafu ili ikachukue oksijeni. Damu hiyo ni nyingi, lakini msukumo wake ni mdogo.

Njia ya pili ni mishipa myembamba inayochipuka kutoka kwenye mshipa mkuu wa mwili na kuilisha mirija ya hewa yenyewe. Mishipa hiyo hubeba kiasi kidogo tu cha damu, takriban asilimia moja au mbili ya damu inayosukumwa na moyo. Tofauti ni kwamba msukumo wake ni ule ule wa mwili mzima, ambao ni karibu mara sita ya msukumo wa njia ya kwanza.

Pafu linapokuwa na kovu au uchochezi wa muda mrefu, mishipa hiyo ya pili hunenepa, hujipinda na kuongezeka kwa idadi. Kuta zake huwa dhaifu, nayo hukaa karibu sana na njia ya hewa. Kikohozi kikali, maambukizi mapya ya kifua au hata mafua ya kawaida hutosha kuupasua mmoja wao. Kwa kuwa msukumo ni mkubwa, damu huruka kwa nguvu. Hii ndiyo sababu takriban mara tisa kati ya kumi, damu nyingi inayokoholewa hutoka katika mishipa hiyo midogo na si katika ule mshipa mkubwa.

Sababu kuu kwa aliyewahi kuugua

Sababu inayoonekana zaidi ni kupanuka kwa mirija ya hewa. Mirija ya kawaida husafisha makohozi kama mtaro unaotiririka vizuri. Iliyoharibiwa na kifua kikuu hulegea na kuwa kama mtaro uliobomoka, ambamo maji machafu husimama. Bakteria wa kawaida huzaliana humo, mgonjwa hukohoa makohozi mengi hasa asubuhi, na kila maambukizi yanapopamba moto damu huweza kutoka.

Sababu ya pili ni kuvu. Vumbi la kuvu ya jamii ya Aspergillus limo katika hewa inayovutwa na kila mtu kila siku. Hupatikana kwenye udongo, majani yanayooza, nafaka zilizovunda na kuta zenye unyevu. Mwenye mapafu mazima hulitoa bila hata kujua. Mwenye pango hulihifadhi. Kuvu hiyo huota ndani ya pango, nyuzi zake husokotana na kuwa donge ambalo katika picha ya eksirei huonekana kama mpira uliolala ndani ya chumba, na ambalo huweza kusogea mgonjwa anapobadili mlalo. Donge hilo hukwaruza na kuchochea kuta za pango mpaka mishipa ikapasuka.

Tatizo hili lipo karibu kuliko wengi wanavyodhani. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwafuatilia watu waliokwisha kutibiwa kifua kikuu na kuwapima tena 285 kati yao. Karibu asilimia 5 walikuwa na ugonjwa sugu wa mapafu unaotokana na kuvu hiyo. Kwa wenye mapango yanayoonekana kwenye eksirei, uwezekano wa kuupata ulikuwa asilimia 6.5 kwa mwaka, wakati kwa wasio na mapango ulikuwa asilimia 0.2 tu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2019.

Sababu ya tatu ni nadra lakini ya hatari sana. Tawi la ule mshipa mkubwa wa mapafu linapopita kwenye ukuta wa pango, ukuta wake huliwa polepole mpaka ukavimba kama puto. Daktari Fritz Valdemar Rasmussen wa Denmark aliueleza uvimbe huo mwaka 1868, miaka 14 kabla ya Koch kumtangaza bakteria mwenyewe, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Puto hilo likipasuka, damu huweza kufurika kwa ghafla pasipo dalili ya kutangulia.

Zipo pia sababu nyingine. Tezi za kifuani zilizogeuka kuwa ngumu kama chokaa baada ya ugonjwa huweza kutoboa mrija wa hewa, na wapo wagonjwa wanaokohoa vijiwe pamoja na damu. Saratani ya mapafu hutokea zaidi kwa watu waliowahi kuugua kifua kikuu kuliko kwa wengine, hasa wavutaji wa sigara. Na haipaswi kusahauliwa kwamba kifua kikuu chenyewe kinaweza kurudi, ama kwa bakteria wa zamani kuamka au kwa maambukizi mapya.

Si kila damu inatoka kwenye mapafu

Kabla ya kutafuta chanzo ndani ya kifua, ni vyema kuhakikisha kwamba damu kweli imetoka huko. Damu ya mapafu kwa kawaida ni nyekundu iliyokolea, ina povu, imechanganyika na makohozi na huja na kikohozi. Damu ya tumboni hutoka kwa kutapika, mara nyingi ni nyeusi kama masalia ya kahawa na huweza kuwa na chembe za chakula. Damu ya puani au ya fizi huweza kushuka kooni usiku na kutemwa asubuhi.

Kwa aliye kwenye dawa, kuna jambo jingine linalozua hofu bila sababu. Rifampisini hugeuza mkojo, jasho, machozi na hata makohozi kuwa na rangi ya machungwa au wekundu. Hiyo si damu. Mgonjwa anapaswa kuelezwa hivyo siku ya kwanza anapopewa dawa.

Kwa upande mwingine, kutokuwepo kwa damu si ushahidi kwamba mtu hana kifua kikuu. Pango hujengwa na mapambano ya kinga ya mwili. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana kutokana na Virusi vya UKIMWI, mapango huwa machache, na kwa sababu hiyo huweza kuwa na kifua kikuu kikali bila kukohoa hata tone la damu.

Hatari ya kurudishiwa dawa bila kipimo

Katika vituo vingi vya afya, mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu akifika akiwa anakohoa damu, huwa na kadi yake ya zamani, eksirei yenye makovu na historia inayoelekea upande mmoja. Ni rahisi kumwandikia dawa zile zile kwa mara ya pili, na baadaye hata kwa mara ya tatu. Iwapo chanzo ni kuvu au mirija iliyopanuka, dawa hizo hazitamsaidia. Ataendelea kutoka damu huku ini lake likibeba mzigo wa dawa asizozihitaji, na familia yake ikiamini kwamba anaambukiza.

Eksirei peke yake haiwezi kumaliza ubishi, kwa sababu kovu la miaka 20 na ugonjwa wa jana huweza kufanana. Kipimo cha makohozi ni cha lazima. Hapa napo upo mtego. Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi yake Desemba 2010 na ambayo imeleta mabadiliko makubwa barani Afrika, hutafuta vinasaba vya bakteria. Vinasaba hivyo huweza kubaki kwenye makohozi ya mtu aliyepona, hata kama bakteria wenyewe walikwisha kufa. Kwa aliyetibiwa miaka ya karibuni, jibu la mashine hiyo linapaswa kusomwa pamoja na dalili zake, na inapowezekana makohozi yaoteshwe maabara ili ijulikane kama kuna bakteria walio hai.

Makohozi yasipoonyesha bakteria na damu ikaendelea kutoka, ndipo zinapohitajika hatua nyingine: CT-Scan ya kifua, kipimo cha damu cha kutafuta kinga dhidi ya kuvu, na wakati mwingine kamera nyembamba inayopitishwa ndani ya mirija ya hewa ili kuona ni upande gani unaovuja.

Damu kidogo, damu nyingi

Swali la kwanza ambalo daktari atauliza ni kiasi cha damu. Hakuna kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote, na vitabu mbalimbali vimetaja kati ya mililita 100 na 600 kwa siku kuwa damu nyingi. Kwa lugha ya nyumbani, kijiko kikubwa cha chakula ni mililita 15, na bilauri ya kawaida ni kama mililita 250. Mgonjwa anayeweza kusema alijaza vijiko vinne au nusu bilauri humsaidia daktari kuliko anayesema tu kwamba ilikuwa nyingi.

Watu wengi hudhani kwamba anayekufa kwa kukohoa damu hufa kwa kuishiwa damu. Ukweli ni kwamba wengi hufa kwa kukosa hewa. Njia za hewa za mtu mzima, kutoka puani hadi kwenye matawi ya mirija, zina ujazo wa takriban mililita 150 tu. Damu inayoganda humo huziba njia, nalo pafu zima lililobaki hujaa damu iliyomwagika kutoka pafu bovu. Kwa mtu ambaye tayari amepoteza sehemu ya mapafu yake kwa kifua kikuu, hata kiasi kidogo huweza kuwa hatari.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba damu kubwa mara nyingi hutanguliwa na damu ndogo. Michirizi inayokoma yenyewe huweza kuwa onyo, na onyo hilo halisemi kama la pili litakuja baada ya mwaka au baada ya saa chache.

La kufanya nyumbani

Damu inapoanza kutoka kwa wingi, mgonjwa aketishwe, au alazwe kwa ubavu wa upande wenye pafu bovu iwapo unajulikana, ili damu isimwagikie pafu zima. Wengi waliowahi kutibiwa hujua upande wao, kwa sababu waliambiwa walipopigwa picha. Wengine huhisi joto au mchemko upande huo kabla damu haijatoka.

Asizuiwe kukohoa damu iliyokwisha kufika kooni, kwa kuwa kuibana huweza kuziba njia ya hewa. Asipewe chakula wala kinywaji, maana huenda akahitaji kuwekewa mrija wa kupumulia. Asipewe aspirini, diklofenaki au dawa nyingine za maumivu za aina hiyo, kwani huzuia damu kuganda. Dawa za asili zisizojulikana zisitumike kama mbadala wa safari ya hospitali. Safari hiyo ianze mara moja, hata kama damu imekoma njiani.

Wanaomhudumia wajikinge kwa kutogusa damu kwa mikono mitupu na kwa kufungua madirisha, hadi itakapojulikana kama ana kifua kikuu kilicho hai au la. Kujikinga huko hakumaanishi kumkimbia.

Tiba hospitalini

Kazi ya kwanza ya hospitali ni kulinda njia ya hewa, kumpa mgonjwa oksijeni, kumwekea dripu na kupima kundi la damu iwapo atahitaji kuongezewa. Asidi ya traneksamiki, dawa ya bei nafuu inayotumika pia kwa wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua, husaidia damu kuganda. Maambukizi ya bakteria yakiwepo hutibiwa kwa antibiotiki, na mara nyingi hatua hizo hutosha kusimamisha damu ya kiasi.

Damu isipokoma, tiba inayotumika zaidi katika hospitali kubwa duniani ni kuziba mshipa unaovuja. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja, huongozwa kwa picha za mionzi hadi kifuani, kisha chembechembe maalumu hupulizwa kuuziba mshipa huo. Njia hiyo ilianza kuelezwa na madaktari wa Ufaransa miaka ya 1970. Huokoa maisha bila kupasua kifua, lakini kwa sehemu ya wagonjwa damu hurudi baada ya miezi au miaka, hasa wale wenye donge la kuvu, kwa sababu pango lenyewe hubaki.

Upasuaji wa kuondoa sehemu mbovu ya pafu ndiyo tiba ya kudumu zaidi kwa donge la kuvu. Hata hivyo ni upasuaji mgumu, kwa kuwa pafu lililougua kifua kikuu hushikamana na ukuta wa kifua, na wagonjwa wengi hawana pafu la akiba la kuwabeba. Kwa wasioweza kupasuliwa, zipo dawa za kuvu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza itrakonazoli katika orodha ya dawa muhimu. Flukonazoli, ambayo hupatikana kwa urahisi zaidi madukani, haiui kuvu hiyo. Vilevile itrakonazoli haipatani na rifampisini, ambayo huipunguzia nguvu mwilini, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoanzisha dawa za kifua kikuu kwa kubahatisha.

Pengo lililobaki

Tanzania ina historia ndefu katika vita hii. Hospitali ya Kibong'oto, iliyoko wilayani Siha, mkoani Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926, wakati ambapo tiba kubwa ilikuwa mapumziko, chakula na hewa safi ya mlimani. Mpango wa Taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na mbinu zilizojaribiwa nchini humo chini ya Dk. Karel Styblo zikawa msingi wa mkakati wa dunia wa kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa. Mwaka 2006 ugonjwa huo ulitangazwa kuwa janga la taifa.

Mafanikio hayo yalipimwa kwa swali moja: je, mgonjwa amemaliza dawa na bakteria wamekwisha? Swali la hali ya mapafu yake baada ya hapo halikuwa na daftari. Ni Julai 2019 tu ndipo wataalamu walipokutana Stellenbosch, Afrika Kusini, katika kongamano la kwanza la kimataifa lililohusu madhara ya mapafu baada ya kifua kikuu. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, lakini CT-Scan, dawa za kuvu na safari ya hospitali ya rufaa ni gharama zinazoweza kuishinda familia ya mkulima au mchimbaji mdogo.

Kinga iliyo bora bado ni kuwahi. Anayegunduliwa mapema huanza dawa kabla pango halijachimbika. Anayemaliza tiba anastahili kupigwa eksirei ya mwisho, kuelezwa hali ya mapafu yake na kuhifadhi picha hiyo, kwa kuwa siku moja itakuwa kipimo cha kulinganishia. Aache sigara kabisa. Ajiepushe na moshi wa kuni katika jiko lisilopitisha hewa na vumbi la mawe migodini, ambalo lenyewe huharibu mapafu na kufungua mlango kwa kifua kikuu kurudi. Apate chanjo za magonjwa ya kifua pale zinapopatikana.

Kwa aliyewahi kuugua, michirizi ya damu kwenye kitambaa haimaanishi kwamba amerogwa wala kwamba lazima anaambukiza tena. Inamaanisha kwamba kovu lake linahitaji kuangaliwa, na siku ya kufanya hivyo ni hiyo hiyo. Wahenga walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kilio humfichua.